Mwaka Mpya wa Wachina wepi?

Kila ifikapo Januari wanafunzi wangu huniuliza Wachina wanasherehekeaje mwaka mpya. Nasomesha historia ya Asia ya Kusini-Mashariki, na huwarudishia swali: Wachina wepi? Wa Beijing, wa Penang au wa Jakarta? Wanachoshirikiana wote ni tarehe, chakula cha usiku wa mkesha ukoo ukiwa umekusanyika, na bahasha nyekundu za pesa kwa watoto. Baada ya hapo kila watu na yao.

Tarehe yenyewe huwatatiza wengi. Miezi ya Kichina hufuata mwandamo wa mwezi, na miezi 12 ya namna hiyo hutoa siku 354 hivi. Ndiyo sababu Ramadhani huingia mapema kila mwaka, ikazunguka kutoka kiangazi hadi masika. Wachina hawakutaka sikukuu yao izurure, kwa hiyo mara 7 katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa 13. Mwaka mpya ukabaki kati ya 21 Januari na 20 Februari. Mwaka wa Nyoka (Wachina huipa miaka majina ya wanyama) ulianza 29 Januari 2025 ukaisha 16 Februari 2026, kwa kuwa mwezi wa sita ulihesabiwa mara mbili.

Sherehe huchukua siku 15, na humo ndimo kila jamii huonyesha ilikotoka. Wahokkien wa Penang, Malaysia, ambao asili yao ni mkoa wa Fujian, huiona siku ya tisa kuwa kubwa kuliko ya kwanza. Ni siku ya kuzaliwa Mfalme wa Mbinguni, wanayemwita Thni Kong. Usiku wa kuamkia siku hiyo, katika gati la ukoo wa Chew, meza hupangwa kwa safu ndefu: nguruwe wa kuchoma, mananasi, keki nyekundu zenye umbo la kobe, vijiti vya udi, na miwa mizima iliyo na majani yake. Miwa ina kisa chake. Husimuliwa kwamba mababu zao, wakikimbia maadui, walijificha kwenye shamba la miwa wakatoka salama siku ya tisa. Hata kama ni hadithi tu, hakuna meza ya Kihokkien isiyo na miwa usiku huo.

Serikali nazo zimeiunda sherehe hii, tena zaidi ya inavyosemwa. Tazama mwaka 1967. Januari, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mila za kale, serikali ya kikomunisti ya Beijing ilifuta mapumziko ya sikukuu hiyo. Desemba, Suharto, mtawala wa Indonesia, aliyewachukia wakomunisti kama ukoma, alitoa agizo namba 14: mila na ibada za Kichina zifanyike ndani ya familia, zisionekane hadharani. Mahasimu wawili, marufuku zinazofanana! China ilirudisha mapumziko mwaka 1980. Indonesia ilingoja hadi 2000, Rais Abdurrahman Wahid, mwanazuoni wa Kiislamu, alipolifuta agizo lile. Tangu 2003 siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Miaka hiyo yote Penang waliendelea na miwa yao, kwa hiyo anayedhani sherehe ya ughaibuni ni nakala iliyochakaa ya ile ya China amekosea.

Singapore walipiga marufuku fataki mwaka 1972 kwa sababu ya moto na vifo. Mwaka uliofuata wakaanzisha maandamano ya Chingay ili watu wasikose shamrashamra.

Kama ningechagua mahali pamoja pa kumpeleka mgeni, ningempeleka Singkawang, Kalimantan Magharibi, upande wa Indonesia wa kisiwa cha Borneo, siku ya 15. Wachina wa huko wengi ni Wahakka, jamii ya Wachina yenye lugha yake. Watu waliopandwa na mizimu, wanaoitwa tatung, hubebwa mitaani wakiwa wamejichoma vyuma mashavuni, na miongoni mwao wamo Wadayak, wenyeji wa kisiwa hicho. Mwenye roho nyepesi abaki hotelini.

Kwa aliye upande wetu wa bahari, Mauritius ni karibu zaidi, na siku ya mwaka mpya wa Kichina ni ya mapumziko kitaifa. Huko pia wengi ni Wahakka, lakini hutaona mashavu yaliyotobolewa. Utakachoona ni keki ya unga wa mchele unaonata, ambayo wao huiita kwa Kifaransa gâteau la cire, ikigawiwa hadi kwa marafiki wasio Wachina.