Ndizi Haiinui Sponji

Wiki hii tena mteja wa Mikindani, huku Mtwara, ameagiza keki ya sponji bila mayai, na maelekezo juu: "Dada, wewe weka ndizi mbili tu." Jamani, nimechoka na hizi ndizi.

Kabla hujauliza uweke nini badala ya yai, uliza yai lenyewe lilikuwa na kazi gani humo. Yai likitolewa ganda lina gramu 50 hivi, na robo tatu ni maji. Kazi iko kwenye kilichobaki: ute ukipigwa unashika hewa, ukipata moto unagandia nayo humo humo, kiini kina lesithini, inayoshikanisha mafuta na maji. Kwenye biskuti kazi hiyo ni ndogo, tui zito kidogo linatosha. Vitumbua havidai yai. Katlesi chovya kwenye uji mzito wa unga wa dengu, zitashika vizuri tu.

Sponji sasa. Sponji ya mayai manne isiyo na beking pauda inasimama kwa hewa ya mayai peke yake. Ndizi iliyopondwa inaleta maji, sukari na wanga. Haishiki hewa, na haigandi kama ute. Keki inapanda kidogo, inabonyea katikati, ukikata unakuta utando mbichi chini. Mtu analaumu jiko, anazidisha mkaa juu, keki inaungua, ndani bado. Na aliyetaka vanila anakula ndizi! Ndizi iacheni kwenye keki ya ndizi, huko ni tamu sana.

Korosho nazo, maana huku kwetu kila jambo lina korosho: zikilowekwa na kusagwa zinaleta mafuta na ulaini. Hazipandishi kitu.

Maji yaliyochemshia dengu ndiyo yanayotoa povu kama la ute. Mfaransa Joël Roessel alilionyesha hilo mwaka 2014. Vijiko vitatu vya chakula kwa yai moja. Lakini sitawaahidi mengi: sufuria hii yanatoka mazito, ile mepesi, na hata nikiyapunguza motoni povu lake silitegemei kwa keki ya harusi.

Mimi bila mayai naiacha sponji kabisa, naoka keki ya soda na siki. Unga kikombe kimoja na nusu, sukari kimoja, maji kimoja, mafuta theluthi ya kikombe, beking soda kijiko cha chai, chumvi nusu yake, siki kijiko cha chakula. Siki iingie mwisho, jiko likiwa tayari lina moto, kwa sababu ikikutana na soda gesi inaanza kutoka pale pale kwenye unga, na haitakusubiri upepee mkaa.

Na kama mtoto ana mzio wa mayai, semeni siku ya kuagiza. Mchapo wangu wa kupigia na mabati yangu ya keki hushinda kwenye mayai. Nahitaji muda wa kuosha vyote kabla sijagusa unga wake.