Daktari hakuulizi jina la ugonjwa

Kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili katika hospitali na kliniki za Marekani. Wengi ninaowahudumia ni ndugu zetu wa Kongo Mashariki waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu ya Tanzania na Nakivale ya Uganda, pamoja na Warundi, Watanzania na Wakenya. Kuna imani moja ninayoisikia karibu katika kila familia mpya, na imenichosha kwa sababu naona inavyowachelewesha watu kupata matibabu. Nitaanza na hiyo, tena kwa urefu, kisha nitazigusa nyingine ninazozisikia.

"Ili daktari anielewe, lazima nijue ugonjwa wangu unaitwaje kwa Kiingereza."

Si kweli hata kidogo. Mtu anaumwa, anakaa nyumbani akiuliza majirani na kupekua simu mpaka apate neno moja la Kiingereza la kwenda nalo: "malaria", "typhoid", "ulcers", "pressure". Akifika kwa muuguzi wa mapokezi analitamka neno lake, kisha ananyamaza, akiamini amemaliza. Yale ambayo daktari alitaka kuyasikia yamebaki moyoni mwake.

Jina la ugonjwa ni hitimisho la daktari. Analifikia mwishoni, baada ya kukusikiliza, kukupapasa na kusoma majibu ya maabara. Anachohitaji kutoka kwako ni kile asichoweza kukiona kwa macho wala kwa mashine: unasikia nini mwilini, mahali gani, tangu lini.

Tuanze na "malaria". Kwetu, homa ikipanda na viungo vikiuma tunasema nina malaria, na mara nyingi tulikuwa sahihi kwa sababu ya mahali tulipoishi. Marekani waliitokomeza malaria mwaka 1951. Wagonjwa wapatao 2,000 wanaoripotiwa kila mwaka, karibu wote wameipata safarini. Kwa hiyo ukisema "malaria", daktari atauliza mara moja: ulikuwa Afrika lini mara ya mwisho? Ukijibu miaka minne iliyopita, kuna hatari alisukume kando neno lako, na kwa kuwa hukuwa umesema kitu kingine, kikohozi cha wiki tatu, jasho la usiku na nguo zinazokulegea havitajulikana. Hizo ni dalili ambazo zingemfanya apime kifua kikuu siku hiyohiyo. Kama ulirudi kutoka Kigoma au Bukavu mwezi uliopita, hilo ni jambo jingine: taja tarehe, na sisitiza. Na kama uliwahi kuugua malaria ya aina ya vivax, sema pia, kwa sababu vimelea vyake hujificha kwenye ini na vinaweza kurudi baada ya miezi, hata miaka.

"Typhoid" nayo ina mkasa wake. Watu hunieleza kwamba wamewahi kuugua taifodi mara nyingi, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa mwaka. Ukiwauliza ilipimwaje, wengi walichukuliwa damu, wakasubiri kidogo, wakapewa majibu. Hicho mara nyingi ni kipimo cha Widal, na kikitumiwa peke yake hakiaminiki. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Mweleze daktari kile kilichokupata: homa ya siku ngapi, ulipimwa nini, ulipewa dawa gani, ulipona baada ya muda gani.

Lakini neno linalonikosesha usingizi ni "pressure". Kwetu presha ni shinikizo la damu, basi. Kwa Kiingereza cha hospitali, mtu akisema "I have pressure" huku mkono uko kifuani, wanaelewa kwamba kifua kinagandamizwa. Atalazwa kitandani, apimwe umeme wa moyo, achukuliwe damu kuangalia kama misuli ya moyo imeumia. Wanafanya wanavyopaswa. Ila mama aliyekuja kwa sababu vidonge vyake vya presha vimekwisha anabaki pale saa nyingi akiwa na hofu, na anatoka na bili. Ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba una presha ya kupanda, maneno ni matatu na yasitengane: "high blood pressure".

Kinyume chake ndicho kibaya zaidi. Mzee kifua kinambana kweli, maumivu yako juu ya tumbo na yanawaka moto, naye amejifunza kwamba moto wa tumbo unaitwa "ulcers". Akilisema neno hilo, anayemsikiliza anaweza kudhani alishapimwa kwa kamera na vidonda vikaonekana. Mshtuko wa moyo unaweza kuja hivyohivyo, kama kiungulia, hasa kwa wanawake, wazee na wenye kisukari. Angesema tu, "Hapa panawaka tangu alfajiri, natoka jasho, nikipanda ngazi panazidi," hakuna muuguzi ambaye angemwacha kwenye benchi.

Hata neno jepesi kama "fever" linahitaji uangalifu. Kwa daktari wa hapa, homa ni namba: nyuzi 38 za Selsiasi, ambazo kwa vipimo vyao ni 100.4 za Farenhaiti. Mkenya akisema ana homa pengine ana mafua tu, na wengine tunasema homa kwa maana ya mwili kuchoka. Nunua kipimajoto, andika namba na saa uliyopima.

Kinachoniuma katika haya yote ni kwamba watu wetu wanaacha lugha iliyojaa na kukimbilia neno moja tupu. Sikiliza Kiswahili kinavyosema kuhusu tumbo peke yake: linasokota, linanguruma, limejaa, linachoma, linavuta, linakata. Kichwa kinagonga, kinapwita, ni kizito. Mguu una ganzi, unawaka, unatambaa kama sisimizi. Kuna kichomi kinachokupiga ubavuni unapovuta pumzi. Kila moja ya maneno haya ina mwenzake katika vitabu vya daktari, na kila moja inampeleka kwenye ugonjwa tofauti. Tumbo linalosokota linakuja na kuondoka. Tumbo linalochoma linakaa palepale. Sema hivyohivyo ulivyozoea kumwambia dada yako. Kuyavusha kwenda Kiingereza ni kazi yangu mimi, na nalipwa na hospitali kuifanya.

Ushauri wangu, na nitaendelea kuurudia, ni karatasi. Jioni kabla ya kwenda kliniki, andika kwa Kiswahili: lilianza lini, liko wapi, linasikikaje, linahama au limetulia, nini kinalizidisha, nini kinalipunguza, kuna nini kingine pamoja nalo, na dawa gani umeshameza, ikiwemo ya miti. Asiyeandika amwambie mtu amwandikie. Dawa zenyewe zitie kwenye mfuko uje nazo zote, na chupa zake. Daktari mara nyingi ana dakika chache tu na wewe, na karatasi hiyo inamfikisha kwenye jambo lenyewe mapema.

"Sihitaji mkalimani, mwanangu anajua Kiingereza vizuri."

Anajua Kiingereza cha shule. Hajui Kiswahili cha mwili, na wala hapaswi kukibeba. Mama anayetokwa na damu ukeni hatamweleza mtoto wake wa kiume wa miaka kumi na mitatu. Atasema tumbo linauma, na mtoto atatafsiri tumbo linauma, na hapo mazungumzo yamekufa. Baba mwenye shida ya nguvu za kiume atanyamaza kabisa.

Halafu kuna saa. Mtanzania au Mkenya akisema mkono ulilegea saa mbili asubuhi, anamaanisha saa ambayo Waingereza wanaiita ya nane. Mtoto aliyekulia hapa anasema "two o'clock" bila kusita. Kwa mgonjwa wa kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza. Ukimpeleka nyuma kwa saa sita, umemtoa kwenye orodha ya wanaoweza kupewa.

Makosa ya namna hii yana historia. Mwaka 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18 aliletwa hospitali akiwa hajitambui. Familia yake ilitumia neno la Kihispania, "intoxicado", ambalo kwao lilimaanisha amekula au kunywa kitu kilichomdhuru. Madaktari wakasikia amelewa madawa, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa inavuja kwenye ubongo. Alibaki amepooza mikono na miguu, na kesi ikaisha kwa makubaliano ya malipo ya takriban dola milioni 71 kwa maisha yake yote.

Sheria iko upande wako. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, zinailazimu hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kukupa mkalimani bila malipo. Mtoto haruhusiwi kutafsiri isipokuwa pana dharura na mkalimani hajapatikana. Sentensi ya kujifunza ni hii: "I need a Swahili interpreter." Kama lugha unayoisikia vizuri ni Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi, taja hiyo, usione haya.

"Mkalimani ni mtu wetu, atanisemea."

Hapana, ndugu yangu. Nasema ulichosema, chote, na nakuambia alichosema daktari, chote. Ukiniambia pembeni "hili usimwambie", nalo nitalisema, kwa sababu ndiyo masharti ya kazi. Wapo wanaokasirika. Lakini mgonjwa anayenikataza nisiseme kwamba aliacha dawa za kisukari tangu Ramadhani, ananikataza nisiseme jambo lililomleta hospitali.

"Ukijibu 'yes' unaonyesha heshima."

Unaonyesha umekubali. Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui. Daktari anauliza, "You don't have any allergies?", yaani huna aleji yoyote? Kwa Kiswahili tungejibu ndiyo, yaani ndiyo, sina. Kwa Kiingereza "yes" hiyo inasikika kama unazo. Jibu kwa sentensi nzima: sina, au ninazo.

Na kabla hujasema una aleji ya dawa fulani, eleza ilikufanya nini. Wengi wetu klorokwini ilituwasha ngozi. Hayo mara nyingi ni maudhi ya dawa. Kuvimba midomo na kushindwa kupumua ni jambo jingine, na vipele vilivyogeuka malengelenge baada ya dawa ya salfa ni hatari inayopaswa kuandikwa kwa herufi kubwa. Hapa Marekani kama mtu mmoja katika kila kumi ameandikwa kwamba ana aleji ya penisilini, na wakipimwa vizuri, zaidi ya asilimia 90 hawana. Neno hilo likiingia kwenye faili lako, utakuwa unapewa dawa kali au za bei kubwa zaidi bila sababu.

"Nikisema maumivu ni kumi kati ya kumi, nitaonwa haraka."

Muuguzi wa mapokezi anaangalia mapigo ya moyo, pumzi, presha, joto na sura yako, pamoja na namba hiyo. Sema namba ya kweli na uongeze jambo linaloonekana: siwezi kulala, siwezi kukanyaga. Wazee wetu wana kosa la upande wa pili. Akiulizwa hali anajibu "fine", kama tunavyojibu sijambo hata tukiwa mahututi, na swali halirudi tena. Mzee, salamu ipokee, kisha endelea palepale: ila naumwa.

"Wameniuliza kama nina huzuni, basi wananiona kichaa."

Wanamuuliza karibu kila mtu. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu, mawazo ya kujidhuru. Aliyepoteza watu vitani na sasa anafanya zamu ya usiku kiwandani ana haki ya kuyajibu kwa ukweli. Kwetu tunasema nina mawazo mengi, roho inauma, moyo umechoka. Semeni hivyo. Mkalimani mzuri ataeleza kwamba moyo unaozungumziwa si ule unaopimwa umeme kwa mashine ya ECG.

"Mguu ni mguu tu."

Kwa Kiingereza "leg" (kuanzia pajani hadi kifundo) na "foot" (sehemu inayokanyaga) ni vitu viwili, na "arm" (mkono kuanzia begani) na "hand" (kiganja na vidole) vivyo hivyo. Eksirei inaweza kupigwa mahali pasipohusika. Onyesha kwa kidole kimoja, mahali hasa panapouma, na usiogope kuvua kiatu.

"Majibu yamekuja 'positive', tumshukuru Mungu."

Kwenye vipimo, "positive" maana yake kilichotafutwa kimepatikana, kiwe mimba, virusi vya UKIMWI au vimelea vya malaria. "Negative" maana yake hakikuonekana. Ukipokea karatasi au ujumbe wa simu wenye neno hilo, piga simu kliniki, omba mkalimani, uelezwe majibu kabla ya kuondoka kazini au kuacha dawa. Namba ya kliniki ipo juu ya karatasi hiyohiyo.