Mtoto mwenye mzio na chai ya mitishamba: mpe jani la aina moja, usimpe mchanganyiko

Mimi ni mtaalamu wa lishe ya watoto hapa Kampala. Akina mama wengi ninaowahudumia kwa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo na kuishi Katwe na Nsambya, huniuliza: mtoto akidhurika na chakula, nimchemshie majani gani? Huwajibu wazi kwamba hakuna chai inayoponya mzio wa chakula. Zipo zinazotuliza tumbo na kupunguza gesi kwa muda, na hizo sizipigi vita. Kinachonitia hofu ni mchanganyiko.

Kwanza umri. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Asipewe maji wala chai, na kyogero, yaani maji ya mitishamba ya kumwogeshea mtoto, ibaki kwenye beseni la kuogea, isiingie mdomoni. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko cha chai kinachukua nafasi ya maziwa ya mama. Hata kati ya miezi 6 na mwaka 1 mimi husema subiri, kwa sababu ndipo mnapojifunza chakula gani kinampatana. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka 1, hata ikiwa ndani ya chai ya moto. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo hazifi kwa kuchemshwa jikoni.

Halafu ujue mtoto ana shida gani. Mzio ni kinga ya mwili kupambana na protini ya chakula: maziwa, yai, karanga, ufuta, soya, ngano, samaki. Mara nyingi dalili hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili. Kushindwa na laktosi ni jambo jingine. Hapo tumbo halimeng'enyi sukari ya maziwa, basi linajaa gesi na mtoto anaharisha. Mtoto aliyetoka kuugua kuhara anaweza kushindwa na laktosi kwa wiki kadhaa, kisha tumbo likapona lenyewe. Ikiwa wiki hizo alikuwa akinywa tangawizi, tangawizi ndiyo inayopata sifa mtaa mzima.

Na mwenye mzio wa maziwa asitiliwe hata "kidogo tu" kwenye chai yake. Ya mbuzi pia hayamfai, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miaka 2 anayetokwa na vipele usoni karibu kila asubuhi. Nikamuuliza anakunywa nini. "Mchaichai tu, mwanangu." Nikamwomba tufungue thamosi aliyokuja nayo, tukamimina kwenye bakuli jeupe. Mchaichai ulikuwemo, ule ambao Waganda huuita kisubi. Yalikuwemo pia majani ya mujaaja (jamii ya mrehani), vipande vya tangawizi, mbegu za shamari, na unga wa kahawia uliotuama chini, ambao bibi aliununua soko la Owino kwa jina la "dawa ya tumbo". Uji wake ulikuwa wa ulezi, soya, karanga na mukene (dagaa) uliosagwa pamoja. Kabla ya saa tatu asubuhi mtoto huyo alikuwa amekula na kunywa vitu tisa. Nani amjue mkosaji hapo?

Tulimbakishia uji wa ulezi mtupu na mboga anazozoea, chai tukaisimamisha, kisha tukarudisha kimoja kimoja. Karanga tulizijaribu kliniki, adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, ikiwa mezani, na usithubutu kuzijaribu nyumbani. Zilikuwa karanga. Chai haikuwa na kosa, lakini kwa miezi mingi ilituzuia kuona.

Siku nyingine chai ndiyo yenye kosa. Shamari ni ndugu wa karoti, giligilani na bizari nyembamba, na mtoto anayedhurika na kimoja anaweza kudhurika na mwenzake. Kamomaili ya supamaketi iko ukoo mmoja na alizeti, mululuza (ule mti wa majani machungu) na kishona nguo. Kwa mtoto anayesumbuliwa na chavua ninaiepuka. Unga uliokwisha sagwa siupendi hata kidogo, maana huwezi kuona kilichomo. Machi 2019 kule Karamoja, unga wa lishe uliokuwa na sumu ya mimea jamii ya datura uliwaugulisha mamia ya watu, na wengine walifariki.

Mtoto akishapita mwaka na mama bado anataka kumpa chai, ninamruhusu hivi: jani la aina moja, ulilolichuma mwenyewe na kulijua, tuseme mchaichai. Chai iwe nyepesi, bila maziwa wala sukari. Siku ya kwanza vijiko viwili vya chai, asubuhi, ukiwa nyumbani unamwangalia. Usiongeze chakula wala jani jipya kwa siku tatu. Asinywe pamoja na maharage au nyama, apishe kama saa moja, kwa sababu majani mengi huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta asilimia 53 ya watoto wa Uganda wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu.

Akiharisha, dawa ni ORS (chumvichumvi za pakiti za kuchanganya na maji) na zinki. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au 10 kama hajafikisha miezi 6. Chai haina chumvi za kurudisha alichopoteza.

Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikwama, kifua kikilia, au akitokwa na vipele huku anatapika na kulegea, usimnyweshe kitu. Panda boda hadi kituo cha afya kilicho karibu na useme mlangoni kabisa kwamba ni mzio, ili achomwe adrenalini pajani bila kungoja foleni.

Na mkija kliniki, leteni jani lenyewe bichi pamoja na pakiti ya unga wa uji. Jina moja la mtishamba linaweza kuwa mmea mmoja Arua na mwingine kabisa Nakivale.