Je, wajua kwa nini kuna wasichana wa Marekani wanaoitwa Kenya?

Mwaka 1993 taji la Miss USA lilikwenda kwa msichana wa Detroit, jina lake Kenya Moore. Mtu wa Nairobi au Mombasa akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, haraka anauliza: baba yake ni wa huku kwetu? La. Ni Mmarekani mweusi, na hayuko peke yake. Wapo akina mama, walimu, wanamichezo na watoto wachanga huko Marekani walioandikwa Kenya kwenye cheti cha kuzaliwa, na wengi wao hawana shangazi wala mjomba hata mmoja katika nchi yenyewe.

Jina hili limetembea sana kabla ya kufika kwenye kitanda cha mtoto. Lilianzia mlimani. Wakikuyu huuita mlima wao Kirinyaga, Wakamba wakauita Kiinyaa, na maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba ndani yake mna neno la mbuni: nyaga kwa Kikuyu, nyaa kwa Kikamba. Mtazame mbuni dume, mwili mweusi, ncha za mbawa na mkia nyeupe, kisha utazame kilele kile cha mita 5,199, miamba myeusi yenye theluji. Huhitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huo kutoka Ukambani, upande wa Kitui. Wenyeji wake walikuwa Wakamba, na Wakamba hawaitamki ile r ya Wakikuyu. Alichokisikia ndicho alichojaribu kukiandika, na kalamu yake ikaacha neno fupi: Kenia. Baadhi ya wasomi wa Ulaya hawakumwamini aliposema kuna theluji karibu na ikweta. Mwenzake Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka uliotangulia, naye hakuaminiwa. Lakini jina lilibaki. Nchi yenyewe iliitwa Himaya ya Afrika Mashariki tangu 1895, na mwaka 1920 ndipo Waingereza walipoibadilisha kuwa Koloni la Kenya, wakiazima jina la mlima.

Hadi hapo hakuna mzazi wa Marekani aliyekuwa na sababu ya kumwita bintiye hivyo. Sababu ilikuja na Uhuru.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952 kwa sababu ya vita vya Mau Mau, habari zilivuka bahari, na Wamarekani weusi walizisoma kwa macho yao wenyewe. Magazeti makubwa yalizungumza juu ya ugaidi, wao wakaona watu weusi wanaodai ardhi yao. Malcolm X, mwanaharakati wa haki za Wamarekani weusi, aliwataja Mau Mau kwa heshima hadharani. Thurgood Marshall, wakili mweusi aliyeshinda kesi ya kukomesha ubaguzi katika shule za Marekani mwaka 1954, alikwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe wa Kiafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya pale Lancaster House. Miezi michache kabla ya hapo, Septemba 1959, ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya iliwafikisha Marekani wanafunzi 81, na miongoni mwa waliochangisha fedha za mpango huo walikuwamo mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Kwa hiyo bendera ya Kenya ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, kwa familia nyingi za huko hiyo haikuwa habari ya nchi ya mbali. Ilikuwa habari ya ndugu.

Na kumbuka familia hizo zilikuwa zikibeba majina ya nani. Majina ya ukoo ya wengi wao yalitoka kwa mabwana waliowamiliki babu zao. Ndiyo maana miaka ya 1960 na 1970 suala la jina lilikuwa zito mno. Malcolm X mwenyewe aliweka herufi X mahali pa jina la ukoo lililopotea, na binti yake aliyezaliwa mwaka 1964 akamwita Gamilah Lumumba, kwa heshima ya Gamal Abdel Nasser wa Misri na Patrice Lumumba wa Kongo. Mwaka 1966 ilianzishwa sikukuu ya Kwanzaa, ambayo misingi yake yote saba ina majina ya Kiswahili. Imani na Nia, misingi miwili kati ya hiyo, yakawa majina ya watoto wa kike. Katika wimbi hilo ndimo Kenya lilimoingia. Kenyatta nalo likafuata, na huko hupewa wavulana na wasichana pia.

Kwa nini Kenya na si Tanganyika? Hapa naamini sikio lilifanya kazi kubwa. Kwa msikilizaji wa Kiingereza, jina linaloishia na a huelekea upande wa wanawake: Maria, Sonya, Tanya. Kenya liliingia katika safu hiyo bila kusukumwa. Ni fupi, lina silabi mbili, halimsumbui mwalimu anayeita majina darasani, na bado linataja Afrika waziwazi. Wavulana hawakuachwa kabisa. Mwandishi wa vipindi vya televisheni Kenya Barris ni mwanamume.

Kwenye orodha ya majina 1,000 yanayopendwa zaidi, ambayo idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani huitoa kila mwaka, Kenya la wasichana lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati watoto wa kizazi kile cha Uhuru walipokuwa wakizaliwa. Halijawahi kukaribia 100 ya mwanzo. Limebaki jina la wachache wanaolichagua kwa makusudi, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri wake.

Limepata pia njia ya pili. Wanaosema Kihispania huiandika nchi hii Kenia, kama Krapf, na huko Mexico jina hilo huwapendeza wazazi wengi wasio na asili ya Kiafrika. Mwimbaji Kenia Os ni mmojawapo. Hapo nadhani ni sauti tupu iliyowavutia, maana historia ile ya Wamarekani weusi haiwahusu sana.

Nchini Kenya kwenyewe, kumbe, ni nadra kumkuta msichana aitwaye Kenya. Huko jina la mtoto lina kazi nyingine. Mkikuyu humrudishia mtoto jina la nyanya yake, Mluo humwita Akinyi aliyezaliwa asubuhi na Atieno aliyezaliwa usiku, Mkamba humwita Syombua aliyekuja na mvua. Jina linasema umetoka kwa nani na umeingia saa ngapi. Nchi haina haja ya kutajwa, kwani kila mtu amesimama juu yake.

Jambo moja dogo linaonyesha jina hili lilizaliwa lini. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa wakisema Kiinya, kwa i ndefu. Baada ya Uhuru, matamshi ya wananchi ndiyo yaliyoshika, kwa e. Msikilize binti wa Detroit au Atlanta akijitambulisha leo: anasema Kenya, kwa e.