Je, wajua kwa nini biti moja mbovu haiui kontena zima lililosimbwa?

Watu wengi wenye hifadhidata kubwa ya madokezo, tuseme GB 20 za maandishi, picha na PDF, husita kuiweka ndani ya kontena lililosimbwa, yaani hifadhi iliyofungwa kwa nywila, la VeraCrypt au LUKS, ambazo ni zana za kusimba diski. Wanahofia kwamba biti moja (0 au 1, kipande kidogo kabisa cha data) ikigeuka, fumbo zima litavurugika na kila kitu kitapotea. Hofu hiyo haina msingi. Biti ikigeuka katika eneo la data, kinachoharibika ni baiti 16 tu.

Imani hii inaeleweka inakotoka. Nywila ikikosewa herufi moja, hufungui chochote, na ni rahisi kudhani kwamba data nayo ina ukali uleule. Kuna pia faili zilizobanwa, kama 7z, ambamo kinachofuata hutegemea kilichotangulia, hivyo kasoro ya katikati huweza kuzima mengi yaliyo baada yake. Diski haiwezi kuishi hivyo. Kama kila baiti ingetegemea zilizoitangulia, kusoma dokezo lililo mwisho wa kontena kungedai kusimbua GB 20 kwanza, na kurekebisha nukta moja kungelazimu kuandika upya karibu kila kitu. Mbona basi kontena hufunguka kwa sekunde chache? Hata sekunde hizo si za kusimbua madokezo: VeraCrypt inakokotoa ufunguo kutokana na nywila yako, kwa kawaida marudio 500,000 ikitumia kanuni ya hesabu iitwayo SHA-512. Data haiguswi mpaka programu iiombe.

Siri iko kwenye mtindo wa usimbaji uitwao XTS, uliowekwa kuwa kiwango cha IEEE 1619 mwaka 2007. Chukua daftari nene ambalo kila mstari umeandikwa kwa fumbo lake, na fumbo hilo linatokana na ufunguo mmoja wa siri pamoja na namba ya ukurasa na namba ya mstari. Wino ukimwagika kwenye mstari wa 7 wa ukurasa wa 300, mstari wa 8 unasomeka vilevile, kwa kuwa unahitaji ufunguo na namba zake tu, haumuulizi jirani. Na sentensi ileile ikiandikwa kwenye mistari miwili, huonekana tofauti kabisa kwa mtu asiye na ufunguo, maana namba hazifanani. Ndani ya VeraCrypt, ukurasa ni sekta ya baiti 512 na mstari ni bloku ya baiti 16. Kila sekta ina mistari 32.

Ndani ya mstari ulioguswa, hata hivyo, hakuna kinachosalimika. Biti moja kati ya 128 ikigeuka, bloku ikisimbuliwa takriban nusu ya biti zake zote hutoka zimegeuka. Bila usimbaji, biti hiyo ingeharibu herufi moja tu, labda "a" kuwa "c". Kwa hiyo usimbaji huongeza madhara kweli, lakini yanaishia kwenye baiti 16. Tena diski nyingi hazitoi biti iliyogeuka kimyakimya. Zina misimbo yake ya kusahihisha makosa, na ikishindikana hukataa kutoa sekta nzima, baiti 512 au 4096. Hapo hasara ni ileile, uwe umesimba au hujasimba.

Kinachoamua ukubwa wa msiba ni mahali baiti hizo 16 zilipoangukia. Programu za madokezo kama Joplin huweka madokezo kwenye SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, ambayo hugawa faili hiyo katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096. Zikiangukia katikati ya maandishi, utaona alama za ajabu ndani ya sentensi, na hata PRAGMA integrity_check, amri ya SQLite ya kukagua hifadhidata, yaweza kupita bila kuona kitu, kwa kuwa SQLite kwa kawaida haiweki hesabu ya kuhakiki maudhui. XTS nayo haitambui uharibifu. Zikiangukia kwenye ukurasa wa juu wa mti wa faharasa, madokezo mengi hayafikiki mpaka uyaokoe kwa amri ya SQLite iitwayo .recover.

Ajabu kubwa iko mwanzoni kabisa. Kila faili ya SQLite huanza na maneno "SQLite format 3" na baiti moja ya sifuri: jumla baiti 16, bloku moja kamili! Ikiharibika hiyo peke yake, unaambiwa faili si hifadhidata, ingawa madokezo yote yamo. Kwa kuwa baiti hizo ni zilezile kwa kila faili ya SQLite, toa nakala ya faili iliyoharibika, kisha uwekee nakala hiyo baiti 16 za kwanza kutoka faili nyingine ya SQLite isiyo na kasoro:

dd if=nzima.sqlite of=nakala.sqlite bs=16 count=1 conv=notrunc

Hofu ya kweli ielekezwe kwenye kichwa cha kontena, ambamo ufunguo mkuu umehifadhiwa. Baiti 64 za kwanza za VeraCrypt ni za nasibu na huchanganywa na nywila. Biti moja ikigeuka hapo, nywila sahihi hukataliwa. VeraCrypt huweka kichwa cha akiba mwishoni mwa kontena, na chaguo la kukitumia lipo wakati wa kufungua. Kwa LUKS, jitengenezee nakala ya kichwa:

cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file kichwa.img

Angalia jambo moja: kichwa cha zamani hufunguka kwa nywila ya zamani. Ukibadilisha nywila kwa sababu imevuja, futa nakala hiyo na utengeneze mpya.

Chanzo kingine cha hasara ni kuchomoa diski kabla ya wakati. Funga programu ya madokezo kwanza ili yaliyomo kwenye faili ya -wal, ambamo SQLite huandika mabadiliko kwanza, yaingizwe kwenye hifadhidata, kisha funga kontena, ndipo uchomoe. Ukitaka nakala programu ikiwa wazi, usinakili faili kwa mkono. Tumia amri ya SQLite VACUUM INTO 'nakala.sqlite'.

Usichague mfumo wa faili wa FAT unapotengeneza kontena ikiwa hifadhidata itavuka GB 4, maana FAT haipokei faili kubwa kuliko hapo. Na kama nakala rudufu hufanywa na programu inayotazama tarehe za faili, ingia kwenye mapendeleo ya VeraCrypt uzime chaguo la kutobadili tarehe ya kontena. Kwa kawaida limewashwa, na programu hiyo itaendelea kuliruka kontena ikidhani halijaguswa.