Sikio halizoei kelele

Ukipita kwenye karakana za kuchomelea kule Nyakato, Mwanza, utamkuta fundi anakata chuma kwa grenda, masikio wazi. Muulize kelele haimsumbui? "Nimeshazoea, kaka."

Hajazoea. Usikivu wake umepungua. Ndani ya sikio kuna chembe hai zenye vinyweleo vidogo mno, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Kwa kawaida zinatangulia kufa zile za sauti nyembamba, ndiyo maana fundi anasikia kwamba unaongea, ila "s" na "f" zinampita, na nyumbani redio inapigwa mpaka majirani wanalalamika. Masikio yakivuma jioni baada ya kazi, hiyo ni dalili tayari.

Wataalamu wengi huweka kikomo cha desibeli (kizio cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo grenda hufikia bila shida, ni kama dakika 15 tu. Huna kipimo? Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, kelele imezidi.

Pamba (wengi huitegemea) haizuii cha maana. Tumia kizibo cha sikio cha sponji: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie mpaka kitanuke. Na kununua si juu ya fundi aliyeajiriwa: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga.