Waya Unabaki Ndani

Wageni wanaoingia kwa mara ya kwanza chumba chetu cha tiba radiolojia, yaani tiba inayofanywa ndani ya mwili kwa kuongozwa na picha, hushangaa kumkuta mgonjwa yuko macho. Nimempiga ganzi kinenani, nimechoma sindano, damu nyekundu imeruka kwa mapigo. Hapo najua nimeipata ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Napitisha waya laini ndani ya sindano. Sindano inatoka, waya unabaki. Kisha navisha katheta, yaani mrija mwembamba, juu ya waya, nao unateleza mshipani huku nikiufuata kwenye skrini ya eksirei.

Utaratibu huo tumeurithi kwa Sven-Ivar Seldinger, daktari kijana wa radiolojia huko Stockholm, aliyeuchapisha mwaka 1953. Kabla yake katheta ilipitishwa katikati ya sindano, hivyo sindano ililazimika kuwa nene kuliko mrija wenyewe. La sivyo mshipa ufunuliwe kwa kisu. Seldinger alibadilisha tu kipi kitangulie. Kwangu mimi, mzizi wa tiba radiolojia uko hapo, ingawa yeye alikuwa akitafuta picha nzuri tu.

Aliyeona kwamba njia ya picha ni njia ya tiba pia ni Charles Dotter, daktari wa radiolojia wa Portland, Oregon, Marekani. Mwaka 1963, akiwa katika kupiga picha, katheta yake ilipenya bila kukusudia mshipa wa nyonga ulioziba, ukafunguka. Mwingine angelisahau tukio hilo. Yeye alilitafakari, na Juni mwaka huohuo, mkutanoni Karlovy Vary, Chekoslovakia, alisema wazi kwamba katheta inaweza kutibu.

Tarehe 16 Januari 1964 alimhudumia bibi wa miaka 82 ambaye mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuoza. Alishauriwa ukatwe, akakataa katakata. Ateri ya paja ilikuwa imebana sehemu fupi tu. Dotter akapitisha waya, akafuatisha katheta nyembamba, kisha nyingine nene juu yake. Dakika chache baadaye mguu ulipata joto. Bibi huyo aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili hadi mwisho wa maisha yake.

Jina la fani hii lilitolewa na daktari wa radiolojia Alexander Margulis mwaka 1967. Mwaka 1972 Josef Rösch, Dotter na mwenzao walieleza jinsi walivyozuia damu iliyovuja tumboni kwa kuziba ateri kutoka ndani. Daktari Andreas Grüntzig akaleta katheta yenye puto la kupanulia mshipa, na Septemba 1977, mjini Zurich, akapanua nalo mshipa wa moyo. Marekani iliitambua tiba radiolojia kuwa fani kamili ya udaktari mwaka 2012, na naona walichelewa mno.

Mwaka 1968 Dotter aliwaonya wenzake kwamba wasipobeba jukumu la mgonjwa mzima, watageuka mafundi bomba wa bei ghali. Onyo hilo silisahau. Ndiyo maana jioni, kabla sijaondoka, hupita wodini, nikaweka vidole juu ya mguu nilioufungua asubuhi na kutafuta mapigo.